Je, dini inasukuma mabadiliko au inayazuia? Tuangalie Dodoma na Singida

Juni 2020, ndani ya kanisa jijini Dodoma, Rais wa wakati huo, John Magufuli, aliwaambia waumini kwamba Mungu ameiondoa korona Tanzania kwa sababu ya sala na kufunga. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa ametangaza siku tatu za maombi ya kitaifa, na nyumba za ibada zilibaki wazi wakati nchi nyingi duniani zilizifunga.

Lakini si viongozi wote wa dini waliokwenda njia hiyo. Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara alisimamisha ibada za hadhara jimboni kwake mapema 2020. Januari 2021, wakati Serikali ikiendelea kusema nchi iko salama, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa barua ya kuwatahadharisha waumini kuhusu wimbi jipya la ugonjwa. Machi mwaka huohuo Katibu Mkuu wa Baraza hilo, Padri Charles Kitima, alisema mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 wamefariki katika muda wa miezi miwili.

Rais alikuwa Mkatoliki. Maaskofu ni Wakatoliki. Wote walisali kwa Mungu mmoja, na kila upande ulitaja imani yake. Kwa hiyo mtu akiuliza kama dini inasukuma mbele mabadiliko ya jamii au inayashika breki, jibu la neno moja halipo. Inabidi tuulize dini ipi, mikononi mwa nani, na katika jambo gani. Makala haya yanaangalia kanda ya kati, yaani Dodoma na Singida, kwa sababu mambo haya hapa yana historia ndefu na baadhi bado yanaendelea katika kaya zetu.

Kabla ya msikiti na kanisa

Wagogo walikuwa na dini kabla ya msafara wa kwanza kupita. Mtemi hakuwa mtawala wa kutoa amri tu. Alikuwa mtunza mvua wa eneo lake, na mawe ya mvua yalirithiwa ndani ya ukoo wake. Katika nchi kame kama hii, ambako mvua mara nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka na mwaka mwingine hukatika katikati ya Januari, mwenye kauli juu ya mvua alikuwa na kauli juu ya kilimo, mifugo na kuhama. Dini hiyo iliwaunganisha watu na kuwapa ratiba ya mwaka. Pia iliwafunga, kwa sababu aliyevunja miiko angeweza kulaumiwa kwamba ndiye aliyezuia mvua.

Uislamu uliingia na misafara ya biashara ya karne ya 19. Mpwapwa, Kilimatinde na Kondoa vilikuwa vituo vya kupumzika na kununua chakula na maji. Kondoa, katika nchi ya Warangi, Uislamu uliota mizizi na ndio dini ya wengi hadi leo. Wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walifika Mpwapwa 1876, na 1900 walianza kazi Mvumi, ambako baadaye ilikua hospitali inayojulikana mkoa mzima. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia. Mapadri Wapasionisti kutoka Italia walifika Dodoma miaka ya 1930.

Shule, hospitali na ngoma iliyokatazwa

Hapa mchango wa dini hauna ubishi mkubwa. Kwa miaka mingi, mtoto wa Ugogo aliyetaka kusoma au mama aliyetaka kujifungulia mikononi mwa mkunga aliyefunzwa alikwenda misheni. Shule ya wasichana ya Msalato ilianzishwa na misheni. Shule ya Alliance, iliyotaifishwa na kuitwa Mazengo kwa jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi, ilisomesha viongozi wengi. Leo kwenye eneo lake kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanzishwa 2007.

Ila mlango huo haukuwa wazi sawa kwa kila mtu. Mzazi Mwislamu wa Kondoa alijua kwamba kumpeleka mtoto shule ya misheni kulikuwa na hatari ya kurudishiwa mtoto mwenye jina jipya. Wengi waliamua kubaki na madrasa. Matokeo yake nchi ilipopata uhuru 1961, wasomi Wakristo walikuwa wengi kuliko Waislamu, na malalamiko hayo hayajaisha. Serikali ilipotaifisha shule za mashirika ya dini mwishoni mwa miaka ya 1960, sababu mojawapo ilikuwa hiyo: watoto wote wakae darasa moja bila kuulizwa wanasali wapi. Dini ilileta elimu, na ilibidi Serikali iichukue elimu kutoka kwa dini ili iwafikie wengine.

Jambo lingine ni ngoma. Wamisionari wengi waliona ngoma, zeze na nyimbo za jando kuwa mambo ya kishetani, na mkristo aliyeonekana uwanjani aliweza kutengwa na kanisa. Leo ukipita Chamwino au Bahi siku ya Jumapili utasikia kwaya zinaimba kwa mahadhi ya Kigogo na ngoma zinapigwa mbele ya altare. Sauti zilezile zilizofukuzwa kanisani zimerudishwa na waumini wenyewe, na hakuna aliyepotea kwa sababu hiyo. Mshairi Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, alitunga tenzi juu ya Enjili na Zaburi, akaandika kitabu cha historia na mila za Wagogo, halafu akaendeleza ngonjera zilizotumika mashuleni kufundisha siasa ya Ujamaa. Kwake imani, mila na mabadiliko vilikaa katika daftari moja.

Ukeketaji: jambo ambalo hakuna kitabu kinaliamuru

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Mikoa ya Dodoma na Singida imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye ukeketaji mkubwa wa wanawake na wasichana nchini, pamoja na Manyara, Arusha na Mara.

Wengi husema ni amri ya dini. Tuangalie. Zanzibar karibu watu wote ni Waislamu, na ukeketaji huko karibu haupo. Dodoma Wagogo wengi ni Wakristo, na ulikuwepo kwa wingi. Kondoa Waislamu waliufanya. Vijijini ambako watu hawakuwa na dini yoyote kati ya hizo mbili, uliendelea pia. Biblia hailitaji jambo hili kwa wanawake. Kurani hailitaji. Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, alitamka 2007 kwamba limekatazwa, na Misri ni nchi ambayo lina mizizi mirefu kuliko kwetu. Kwa hiyo lilikuwepo kabla ya dini zote mbili, na dini zote mbili zilipofika zililikuta.

Swali basi ni hili: baada ya kulikuta, zilifanya nini?

Kwa muda mrefu, kidogo sana. Mchungaji na imamu wa kijijini si watu wa mbali. Wanakula na jamaa hao, wanapokea sadaka zao, wake zao wamepitia mila hizohizo, na bibi anayeheshimiwa katika kiti cha mbele kanisani anaweza kuwa ndiye ngariba. Kusimama mimbarini na kulitaja jambo la sehemu za siri za mwanamke, mbele ya wakwe na watoto, ni kazi ambayo wengi waliikwepa. Kukaa kimya namna hiyo ni njia mojawapo ya dini kuzuia mabadiliko. Kwa maoni yetu ndiyo iliyokuwa ya kawaida kuliko zote. Mahubiri ya kutetea ukeketaji yalikuwa machache, lakini ukimya ulikuwa mwingi.

Halafu kuna lawalawa. Msikilizaji wa Singida au Dodoma mwenye umri wa kutosha analijua jina hili. Ni maambukizi ya njia ya mkojo na sehemu za siri ambayo huwapata hasa watoto wa kike: kuwashwa, maumivu, homa. Mahali ambapo ndoo ya maji inatafutwa kwa saa kadhaa, usafi wa mtoto mchanga ni shida, na maambukizi ya aina hiyo hayashangazi. Hutibiwa kwa dawa za kawaida za zahanati. Lakini kuanzia miaka ya 1970 ilienea imani kwamba lawalawa ni adhabu ya mizimu kwa sababu watu wameacha mila, na kwamba dawa yake ni kumkeketa mtoto. Serikali ilikuwa imeanza kuupiga vita ukeketaji, na hapo watu wakapata sababu mpya ya kuuendeleza. Mama aliyesali kila Jumapili au aliyefunga kila Ramadhani hakuona kwamba anafanya dhambi. Aliona anamponya mwanawe.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilipofanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lenye kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, tendo halikuisha. Lilihama. Sherehe ya wazi ya wasichana wakubwa ilipungua, na watoto wachanga wakaanza kukeketwa kimyakimya ndani ya nyumba, wengine wakiwa na wiki chache tu. Katika utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16, takriban theluthi moja ya wanawake waliokeketwa walifanyiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Takwimu zinasema nini, na hazisemi nini

Katika tafiti hizo za taifa, wanawake wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliosema wamekeketwa walikuwa 64 kati ya kila 100 mwaka 2010. Mwaka 2015-16 walikuwa 47, na mwaka 2022 walikuwa 18. Singida ilishuka kutoka 31 hadi 20 kati ya tafiti mbili za mwisho. Kitaifa ni 8 kati ya 100 mwaka 2022.

Ni habari njema, lakini tusishangilie kabla ya kuhesabu vizuri. Mwanamke aliyekeketwa hawezi kurudi alivyokuwa. Wengi wa wanawake waliohojiwa umri wa miaka 22 na kuendelea mwaka 2022 wangeweza pia kuhojiwa 2015, kwa sababu walikuwa wamekwisha kufikisha miaka 15. Idadi haiwezi kushuka kutoka 47 hadi 18 kwa miaka saba kwa sababu ya mabinti wapya peke yao. Kuna mambo mengine ndani yake. Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia 2016 watu wengi wa mikoa mingine walikuja kuishi hapa. Mwanamke anayeulizwa na mgeni kuhusu kosa la jinai anaweza kusema hapana. Na aliyekeketwa akiwa na mwezi mmoja anaweza kuwa hajui mwenyewe.

Hata hivyo mwelekeo ni wa kushuka, na hapa mkono wa dini unaonekana pia. Mashirika ya wanawake ya Dodoma na Singida yaliyokuwa yakienda vijiji kwa vijiji yalijifunza mapema kwamba mkutano ukifunguliwa na mchungaji na sheikh wakiwa wamekaa pamoja, wazee hawaondoki. Daktari akieleza kwamba lawalawa inatibika kwa dawa, mama anasikia. Sheikh akisema hakuna aya wala mtume aliyeagiza, na mchungaji akisema hakuna mzimu unaoadhibu watoto wachanga, baba na bibi wanasikia pia. Daktari peke yake hakuweza kujibu hoja ya mizimu.

Anayejua mtoto aliye hatarini anaweza kupiga namba 116, Simu kwa Mtoto, bila malipo, au kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Kulazimisha au kubadili kutoka ndani

Historia ya majirani zetu inatupa mifano miwili ya kulinganisha. Kenya, mwaka 1929, misheni ya Kiskoti na wenzake katika nchi ya Wakikuyu waliwataka waumini na walimu waape kwamba wameacha tohara ya wanawake, la sivyo watolewe kanisani na watoto wao waondolewe shuleni. Maelfu waliondoka. Walianzisha makanisa na shule zao wenyewe, na tohara ikageuka kuwa alama ya kumpinga mkoloni na kutetea ardhi. Jambo ambalo huenda lingepungua taratibu likapewa heshima ya siasa.

Masasi, kusini mwa Tanganyika, Askofu Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alichukua njia nyingine. Aliichukua jando, akaacha mafunzo na sherehe ambazo hakuona ubaya wake, akaondoa alivyoviona vibaya, na kuiweka chini ya kanisa. Wapo waliomlaumu kwamba amebariki upagani, na wengine kwamba ameiteka mila ya watu. Lakini watu hawakulikimbia kanisa kwa sababu ya jando.

Somo la mifano hii miwili si kwamba upole hushinda kila mara. Ukeketaji ni madhara kwa mtoto, na hakuna sehemu yake ya kubakiza. Ila inaonyesha kwamba kiongozi wa dini anayetoka nje na kutoa amri huwa dhaifu kuliko anayeaminiwa ndani. Ndiyo maana mangariba wengi wa kanda yetu walioacha kazi waliacha mbele ya watu wao wenyewe, wakakabidhi vifaa hadharani, mara nyingine kanisani.

Dunia nzima ina mifano ya pande zote mbili. Afrika Kusini, Kanisa la Kireformati la Kiholanzi lilitoa hoja za Biblia kutetea ubaguzi wa rangi kwa miongo mingi, wakati Askofu Desmond Tutu akiupinga kwa Biblia hiyohiyo. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyesali kila siku, aliwaambia masista wa Maryknoll katika jimbo la New York Oktoba 1970 kwamba kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini, halitakuwa na maana kwao.

Mwanamke mimbarini

Mabadiliko hayaishii nje ya nyumba ya ibada. Askofu Godfrey Mdimi Mhogolo, aliyeongoza Dayosisi ya Central Tanganyika tangu 1989 hadi alipofariki 2014, aliwapa wanawake daraja la ukasisi wakati dayosisi nyingine za Kanisa Anglikana Tanzania zilikuwa bado zinakataa. Walutheri walikuwa wamefungua mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kanisa Katoliki halijafungua, na misikitini imamu wa jamaa yote ni mwanamume. Kwa hiyo katika kijiji kimoja cha Dodoma mtoto wa kike anaweza kumwona mwanamke akibariki mkate na divai, na rafiki yake wa jirani asimwone kamwe. Tofauti hiyo haikuletwa na Serikali wala wafadhili. Ilitokana na askofu mmoja aliyeamua, na sinodi iliyomkubalia.

Ndoa ya binti wa miaka 15

Tunamalizia na jambo ambalo bado liko mezani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na akiwa na 14 kwa kibali cha mahakama. Mvulana ni miaka 18. Ilipotungwa ilisifiwa kwa kuunganisha ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali chini ya sheria moja, na kifungu hicho cha umri kilikuwa sehemu ya maridhiano.

Rebeca Gyumi, mwanasheria, alikwenda Mahakama Kuu kukipinga. Julai 2016 mahakama ilisema kifungu hicho ni kinyume cha Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kukirekebisha. Serikali ilikata rufaa, ikieleza pamoja na mengine kwamba sheria ilizingatia mila na dini za watu. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliikataa rufaa hiyo. Baada ya hapo mwaka uliagizwa, ukapita, na mingine ikafuata. Serikali ilisema inahitaji maoni zaidi, yakiwemo ya viongozi wa dini. Baadhi ya masheikh wamesema kwamba katika Uislamu kipimo ni baleghe na si tarehe ya kuzaliwa. Wakatoliki wasijione wako mbali: sheria ya kanisa lao duniani inataja miaka 14 kwa msichana, ingawa inaruhusu baraza la maaskofu la kila nchi kuweka umri mkubwa zaidi.

Wakati huohuo marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanampa kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Kwa hiyo binti wa Chemba au Manyoni aliyeko darasani analindwa, na mwenzake wa umri uleule aliyeacha shule kwa kukosa sare na daftari halindwi. Mzazi anayetaka mahari analijua hilo.

Viongozi wa dini wana leseni ya Serikali ya kufungisha ndoa, lakini sheria inaruhusu tu, hailazimishi. Padri, mchungaji au sheikh anayeletewa binti wa miaka 15 anaweza kuomba cheti cha kuzaliwa, akasoma tarehe, na kuwaambia wazazi warudi baada ya miaka mitatu.